Risala ya Kikundi cha Akinamama Wasokota Kamba za Makumbi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Sheha, wazee wetu, mabibi na mabwana, Assalamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kwetu. Barabara yetu umeiona. Leo hatuiombi, maana tuna haja moja tu.

Kazi hii tumeirithi. Kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndizo zilizoshonea mitepe, vyombo vya baharini visivyopigwa msumari. Nailoni ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1935 mabibi zetu hawakuisikia, lakini ilipofika madukani kwetu, kamba ya kiwandani iliuzwa kwa bei ambayo mikono haiwezi kuifuata. Hata mwani ulipoanza kulimwa mashariki ya Unguja mwaka 1989, mashamba yalifungwa kwa nailoni. Wenzetu wengi wakaacha kusokota.

Sisi hatukuacha, na mafanikio yetu ni makubwa. Tuna akaunti ya benki, tuna viti 24 na masufuria mawili ya kukodisha harusini, na kamba zetu zimefunga mapaa ya makuti ya hoteli za pwani hii, ambako wageni wa mataifa mbalimbali hulala chini ya kazi yetu.

Mheshimiwa, haja yetu ni mashine ya kuchambua makumbi. Maji yakikupwa tunachimba mashimo ufukweni, tunafukia makumbi na kuyakandamiza kwa mawe. Miezi sita baadaye tunayafukua yakiwa meusi, yana harufu isiyotoka mikononi hata kwa sabuni. Kisha kila kumbi linawekwa juu ya jiwe, linapigwa kwa kipande cha mti mpaka nyuzi ziachane. Mwenyekiti wetu uliyempa mkono asubuhi hii, vidole vyake viwili havikunji tena.

Kule Alleppey, India, kiwanda cha usumba kilifunguliwa tangu mwaka 1859. Siku hizi mashine inachambua kumbi lililolowekwa siku chache tu, na mtu anaanzia kazi kwenye kusokota. Hatuiogopi mashine. Iliyotuumiza ilikuwa ya wengine. Hii itakuwa yetu, itachukua kupiga, na kusokota kutabaki kwetu.

Ombi hili si geni. Miaka minne iliyopita, kiongozi aliyekaa kiti hicho hicho alituahidi mashine na umeme wa fezi tatu kabla ya Ramadhani. Tulichangishana, wengine wakauza kuku, tukajenga banda lile unaloliona, tukamwaga zege na kuacha boliti nne za kuifungia mashine. Ramadhani nne zimepita, boliti zimeshika kutu. Aliyefuata alipiga picha mbele ya banda. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa, ila banda hilo tumelipaka chokaa mara tatu kwa ajili ya wageni, na ya leo ndiyo ya tatu.

Kwa heshima kubwa tunaomba mashine moja, laini ya umeme kutoka transfoma ya skuli, na fundi wa kutufundisha kuitunza. Tunaomba pia, kabla ya kupanda gari, uingie bandani uzione boliti, kisha ututajie tarehe. Daftari la kikundi liko mezani, katibu ameshalifungua, na kalamu ipo.

Naomba kuwasilisha.