Chagua tairi kwanza, springi baadaye

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu manne, hasa wale wanaotaka kuliinua gari na kulivisha matairi makubwa kwa fedha kidogo. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni "niinue inchi ngapi?" Hilo lilistahili kuwa swali la tatu. La kwanza ni gari linabeba kilo ngapi siku za kawaida, na la pili ni tairi la kipimo gani linahitajika kwa njia anazopita mwenye gari. Anayeanza na inchi huishia kununua vifaa mara mbili.

Springi ndefu huinua chesi na bodi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya pande mbili, difu (kile kifuko cha gia kilicho kwenye ekseli) inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu imekaa juu ya magurudumu na si juu ya springi. Jiwe lililokuwa likiigonga difu jana litaigonga na leo, hata gari likiinuliwa kiasi gani. Magari yenye mbele inayojitegemea, ambayo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, yana nafuu kidogo, maana difu ya mbele imefungwa kwenye chesi na hupanda nayo, lakini mengi kati ya hayo yana ekseli nzima nyuma. Kinachoinua ekseli ni tairi, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kimo.

Hesabu yake ni rahisi. Tairi la 265/70R16 lina upana wa milimita 265, na ukuta wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 185.5. Zidisha ukuta kwa mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, upate kimo cha milimita 777. Kwa njia hiyohiyo 265/75R16 ni milimita 804, na 285/75R16 ni 834. Ukihama kutoka la kwanza kwenda la pili difu inapanda milimita 13; ukienda la tatu inapanda 28. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, lakini ndiyo milimita zenye kazi chini ya gari.

Kwa mtu mwenye fedha kidogo, tunapendekeza hatua moja tu ya kimo. Katika magari mengi yaliyotoka kiwandani na 265/70R16, tairi la 265/75R16 huingia bila kuinua chochote, au baada ya kupunguza plastiki ya ndani ya madigadi. Tena kuna kipimo kinachosahaulika: 235/85R16. Kimo chake ni milimita 806, karibu sawa na lile la 265/75, lakini ni jembamba kwa milimita 30. Halisuguani sana na chesi usukani ukikatwa mpaka mwisho, na kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake huchimba mpaka likashika. Uzuri wa macho linao kidogo, kazi inafanyika.

Angalieni pia namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni. Tairi la abiria la 265/70R16 lenye namba 112 hubeba kilo 1,120. Tairi la aina ya LT, yaani la magari madogo ya mizigo, la 265/75R16 lenye 123/120 hubeba kilo 1,550 likiwa peke yake upande mmoja, na kilo 1,400 yakiwa mawili mawili. Lakini LT hulifikia uwezo huo kwa upepo mwingi zaidi, hivyo kujaza upepo uleule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kunaweza kuliacha laini kupita kiasi kwa mzigo uliopo. Anayenunua matairi yaliyotumika asome tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu kwenye mpira mkavu wenye nyufa ni hasara.

Nunueni matano, si manne. Tairi la akiba lenye kimo tofauti likifungwa kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika na kupata joto hadi kuharibika. Na kabla ya kulipa, pimeni kama hilo la tano litaenea pale linaponing'inia chini ya gari.

Sasa tuje kwenye kuinua, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kuinua gari peke yake hakuzuii tairi kubwa kugusa bodi. Gari likiwa limesimama utaona nafasi tele juu ya tairi, lakini likidondoka kwenye shimo gurudumu hupanda mpaka pale mpira wa kikomo unapolizuia, na mpira huo uko palepale ulipokuwa. Kama tairi kubwa lilikuwa linagusa madigadi ekseli ikifika mwisho wa juu, litagusa hata baada ya springi mpya. Kinachobadilika ni kwamba litagusa mara chache zaidi, na kwa kishindo. Dawa ni kuongeza urefu wa mpira wa kikomo kwa kiasi tairi lilivyozidi, au kukata bodi. Kujua ukweli, toeni springi, pandisheni ekseli kwa jeki mpaka igonge kikomo, kisha zungusheni usukani mwisho hadi mwisho. Fanyeni upande mmoja ukiwa juu na mwingine ukiwa chini, maana ndivyo gari linavyokaa kwenye makorongo. Kazi hii haihitaji kununua chochote, na ni mafundi wachache mno wanaoifanya.

Kabla ya kuagiza springi, pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, tangi likiwa limejaa na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Msipime kutoka ardhini, kwani upepo wa matairi hudanganya. Gari la miaka mingi mara nyingi limekwisha kushuka milimita 20 hadi 40 chini ya kipimo cha kiwanda. Kwa gari kama hilo springi mpya za kawaida ndizo kuinua kwenyewe, na hakuna kiungo kingine kitakacholalamika.

Springi huchaguliwa kwa uzito unaokaa garini siku zote: bampa ya chuma, winchi, tangi la pili, sanduku la vifaa. Mzigo wa safari ya mara moja kwa mwaka hauhesabiwi. Springi ya kubebea kilo 300 ikifungwa kwenye gari tupu hurukaruka, gurudumu huachana na ardhi kwenye matuta madogo madogo, na nguvu yote huenda kwenye chesi na mabano ya shokapu. Kuna watu wanauita huo ugumu wa porini. Sisi tunauona ni makosa ya ununuzi.

Gari lenye springi za koili na ekseli nzima ndilo rahisi kuliinua kwa bei nafuu. Hadi milimita 50 hivi, springi na shokapu ndefu zinazolingana hutosha kwa sehemu kubwa, ila mbele kuna mambo mawili. Ekseli inaposhuka huzunguka kidogo na kasta hupungua, yaani ule mlalo unaorudisha usukani katikati wenyewe. Dereva atasikia gari linatangatanga kwenye mwendo wa kasi. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta. Pili, rodi ya panhard inayoshikilia ekseli isiende kando huivuta upande mmoja kadiri gari linavyopanda. Ekseli ikisogea zaidi ya milimita kumi hivi, ni vyema kufunga rodi inayorekebishika.

Springi za majani zina njia nne, na mbili kati yake ni za kuogopa. Njia nzuri ni springi mpya. Inayofuata ni kuongeza jani moja kwenye springi ambazo bado ni nzima. Huinua na huongeza ugumu, hivyo linafaa gari linalobeba. Shekeli ndefu, yaani vile vipande vinavyounganisha ncha ya springi na chesi, zina bei ndogo, lakini shekeli iliyoongezwa milimita 50 huinua karibu nusu yake tu, huyumbisha gari ubavuni na hugeuza pembe ya difu mpaka propela shafti, inayopeleka nguvu kwenye difu, ikatetemeka. Ya nne ni kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma, kipande kimoja kifupi kilichotengenezwa vizuri kinavumilika. Viwili vilivyopandana havifai. Mbele kisiwekwe kamwe: ukifunga breki, ekseli hujaribu kujiviringisha, kipande hicho huwa wenzo wa kuisaidia, na kikichomoka unapoteza usukani.

Magari yenye mbele inayojitegemea ndiyo yanayohitaji tahadhari zaidi ya yote. Kipande kinachowekwa juu ya shokapu huinua gari karibu mara mbili ya unene wake katika magari mengi, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono unaoshikilia gurudumu. Unene wa milimita 25 unaweza kukupa 50. Hapo ndipo tungesimama. Kikizidi, shafti za mbele hupinda kwa pembe kali, buti za mpira huchanika, grisi hutoka na mchanga huingia; mkono wa juu nao hukaribia kugusa koili gurudumu linaponing'inia. Kwenye magari ya toshenibaa, zile nondo ndefu zinazojinyonga badala ya springi, kukaza bolti ni kazi ya dakika chache bila kununua kitu. Lakini hakukupi safari mpya ya gurudumu. Unachopata juu umekitoa chini, na ukikaza sana mkono wa juu hukaa karibu na mpira wake wa kushukia na kuugonga kila unapovuka tuta.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, tungepunguza urefu kabla ya kupunguza ubora wa shokapu. Springi za kawaida zenye shokapu nzuri hushinda springi ndefu zenye shokapu dhaifu, kwenye mashimo na hata kwenye lami. Kuna vingine visivyopunguzwa: mipira ya breki iwe na ulegevu ekseli ikining'inia mpaka mwisho, pamoja na nyaya za ABS na bomba la hewa la difu. Magari mengi ya mizigo yana vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli. Ukiinua nyuma bila kurekebisha kijiti hicho, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Kosa hili halipigi kelele wala haliwashi taa. Linaonekana siku ya kufunga breki ghafla ukiwa na mzigo.

Wakati wa kufunga, chesi ikae juu ya stendi imara na ekseli ishikiliwe kwa jeki. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zikazwe kwa kupishana, na zikazwe tena baada ya kilomita 500. Bolti za bushi zote ziachwe zimelegea mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake na kutikiswa, ndipo zikazwe. Bushi iliyokazwa gari likiwa linaning'inia hukaa imejinyonga muda wote na kuchanika mapema, halafu lawama huenda kwa aliyeitengeneza. Alaimenti ipigwe kabla ya safari yoyote ndefu na irudiwe springi zikishatulia, baada ya kilomita 1,000 hivi. Taa za mbele nazo zishushwe. Gari lililoinuliwa bila kurekebisha taa humpofusha kila anayekuja mbele yake.

Matairi makubwa yana gharama zinazoendelea. Kutoka milimita 777 hadi 834 ni ongezeko la asilimia 7, kwa hiyo mshale ukionyesha 100 gari linakwenda karibu 107, na kilomita za matengenezo zinahesabiwa pungufu. Gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho: difu yenye uwiano wa gia wa 4.10 inakuwa kana kwamba ni 3.82. Injini ndogo itabaki gia ya chini zaidi milimani, klachi itateleza zaidi wakati wa kuondoka, na giaboksi ya otomatiki itapata joto. Tairi la LT la ukubwa huo linaweza kuzidi la mwanzo kwa kilo saba hadi tisa, nazo ziko mbali na kitovu cha gurudumu, hivyo breki zilezile zinasimamisha kitu kizito zaidi kwa wenzo mrefu zaidi. Rimu zenye ofseti ya kutokeza nje huongeza mzigo kwenye bearingi, na husababisha tairi kuchora duara kubwa zaidi linapokatwa. Wengi hufunga rimu hizo ili kuondoa msuguano na chesi, kisha wanashangaa tairi limeanza kula bampa.

Mhariri, tunaomba kurasa zako za magari zinapoeleza vifaa hivi zitaje kilo ambazo springi imetengenezewa na urefu wa shokapu ikiwa imefumbwa na ikiwa imenyooka. Inchi peke yake haimwambii mnunuzi kitu. Na wasomaji waziulize kampuni zao za bima kwa maandishi kabla ya kufungua bolti ya kwanza, maana kipimo cha kuinua kinachoruhusiwa hutofautiana nchi na nchi, na gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kunyimwa fidia.

Wasomaji wako,
Mafundi wa magari