Atupele, mirija uitoboe kwanza

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Kwamba unapelekwa Makete kwenye mazoezi ya kufundisha nimeambiwa na mama yako mdogo, si wewe. Haya. Kasema pia utaanza na viputo vya sabuni, darasa la tatu. Nimefurahi, ila moyo hautulii: mtoto akishika mrija huvuta kwanza, ndipo apulize. Wewe mwenyewe ulimeza, na aliyetakiwa kukuangalia siku ile tusimjadili.

Kila mrija utoboe kwa sindano karibu na juu. Akipuliza, kiputo kitatoka. Akinyonya, atavuta hewa. Atakayemeza, msuuze mdomo, mpe maji kidogo, usimtapishe, povu lisije likaingia mapafuni. Wala wasichume vikonyo vya mbarika kuwa mirija, ile ni sumu. Vya majani ya maboga vina uwazi vilevile.

Maji kinga ya mvua, hayana chokaa ya kugombana na sabuni. Vikombe 6, sabuni ya maji kikombe 1, gliserini kijiko. Gliserini inachelewesha maji kukauka, na unayo, si ndiyo uliyoitoa kabatini kwangu bila kuaga? Sabuni ya unga achana nayo, inawasha macho. Fundisha asubuhi ukungu ungalipo. Hewa ya unyevu haikipasui kiputo upesi. Hapo mwalimu wa Chunya, kule kukavu, hakupati.

Usiwaambie utando ule ni sabuni tupu. Maji yako katikati, sabuni pande zote mbili. Kunja waya uwe wa pembe nne, waulize kiputo kitakuwaje, waache wabishane. Kitatoka cha mviringo, maana utando hujivuta, na kwa hewa ileile hakuna umbo linalotumia utando mdogo kuliko huo. Zile rangi ni mwanga unaorudi kutoka uso wa nje na wa ndani, ukikutana nyingine zinakolea, nyingine zinafutana. Kiputo kikiwa cheusi juu, utando umekonda mno, kinakaribia kupasuka. Ulivyonieleza likizo nilimweleza jirani naye akaelewa, kwa hiyo utaweza. Ila mirija uitoboe nyumbani, usisubiri darasani.

Ng'ombe kazaa, jike. Bati la jikoni bado linavuja, baba yako anasema kesho tangu Pasaka. Sweta la kijivu nimempa dereva wa Makete, lifuate stendi. Na ukipita Njombe niulizie bei ya mbegu za viazi, za hapa zimeoza.

Mama yako