Kabla ya kununua rauta ya tawi, uliza laini inakabidhiwaje

Wateja wetu wanaofungua tawi jipya hutuuliza wanunue rauta gani, nasi huwajibu kwa swali: mtoa huduma atawakabidhi laini kwa kiolesura (mahali na namna laini inavyoungana na rauta) cha aina gani? Kosa la upande wa ndani wa ofisi husahihishika kwa kubadilisha kebo, lakini kwenye upande wa mtandao mpana, ule unaounganisha, tuseme, tawi la Morogoro na makao makuu ya Dar es Salaam, huamui peke yako.

Kinachoonekana kwa macho ni poti, yaani tundu la kuchomekea. Laini ikiishia kwenye kisanduku cha mtoa huduma na kutolewa kwa kebo ya shaba, poti ya kawaida ya Etheneti inatosha, ilimradi kebo hiyo isizidi mita 100. Faiba ikiingia moja kwa moja kwenye rauta, itahitajika poti ya SFP (tundu linalopokea moduli, kifaa kidogo cha kutuma na kupokea mwanga) yenye moduli inayolingana na faiba yenyewe, kwa sababu moduli ya mwanga wa nanomita 850, iliyokusudiwa masafa mafupi, haizungumzi na ya nanomita 1310 iliyoko upande wa pili, hata kama imeingia na kubana vizuri. Rauta za zamani zenye poti za E1, aina ya zamani ya laini za kampuni za simu, za megabiti 2.048 kwa sekunde, bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Tunashauri ziachwe huko huko ziliko.

Kisichoonekana ndicho kinachosumbua. Poti ile ile ya Etheneti yaweza kusanidiwa kwa anwani ya kudumu, kwa DHCP (anwani inayotolewa yenyewe na mtandao), kwa namba ya VLAN (inayotenganisha mitandao ndani ya kebo moja), au kwa PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni inayodai jina na nywila. Mteja wetu mmoja, muuza vipuri, alikwisha kubadilisha rauta mara mbili: pingi (jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu) inapita, ujumbe mfupi unafika, lakini akifungua ankara ukurasa unabaki mweupe. Laini yake ilikuwa ya PPPoE, ambayo huchukua baiti 8 kwa ajili ya vichwa vyake, hivyo katika baiti 1500, kikomo cha kawaida cha pakiti (fungu moja la data) kwenye Etheneti, hubaki 1492. Yeye aliacha 1500, na faiawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, ilikuwa ikizuia ujumbe wa ICMP ambao ungeziambia kompyuta zipunguze ukubwa wa pakiti. Pakiti ndogo zilipita. Kubwa zilitupwa kimya kimya. Tuliweka 1492, tukaweka kikomo cha MSS (data inayobebwa ndani ya pakiti moja) kuwa 1452, tukairuhusu ICMP, na ankara zikafunguka chai ikiwa bado ya moto.

Kwa laini ya akiba ya 4G, fahamu kwamba mara nyingi kiolesura cha modemu hakipewi anwani ya umma, inayofikika kutoka nje, kwa hiyo ni tawi linalopaswa kuanzisha VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) kuelekea makao makuu, si kinyume chake.

Mkija dukani, njooni na maelezo ya mtoa huduma kwa maandishi: aina ya poti, namba ya VLAN kama ipo, namna ya kupata anwani, na ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa.