Funguo ya hosteli nimeirudisha

Mhariri,

Jana nilifunga godoro langu kwa kamba ya katani nikarudisha funguo ya hosteli hapa Dar es Salaam. Boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limekwisha. Jioni mdogo wangu wa kidato cha pili akanipigia mimi, si mama, kuomba nauli. Nilikaa juu ya begi nikalia kidogo.

Mkopo nitaulipa kwa moyo mweupe. Nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara ikatwe, wengine nao wasome. Kinachoniumiza ni kwamba kwa miaka 3 hakuna aliyetufundisha kusoma mkataba wa kazi, wala wa pango, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 mkupuo. Vyuo vitenge japo wiki moja kwa hayo.

Mhitimu mtarajiwa,
Dar es Salaam