Shukrani kwa Fundi Aliyenifundisha Kuhudumia Maboya

Kwako fundi mkuu uliyenipokea nikiwa kibarua wa sitahani, nisiyejua hata kwamba boya jekundu huwa kushoto mwa meli inayoingia bandarini katika Kanda A na kulia katika Kanda B (kanda mbili ambazo mfumo wa kimataifa wa maboya umeigawa dunia): asante sana. Sijasahau asubuhi ile boya lilipopandishwa kwa winchi, likiwa limevaa mwani na chaza, ukanizuia kukimbilia taa, ukanipeleka kwanza kwenye mnyororo na kunishikisha pingili zilizokuwa zikisugua sakafu ya bahari, ambazo zilikuwa zimelika hadi kubaki nyembamba, ilhali za juu yake zilikuwa nzima. Tangu siku hiyo, sehemu hiyo ndiyo ninayoipima kwanza. Ulinifundisha pia kuhesabu mimweko ya taa nikiwa na saa mkononi, kwa kuwa usiku nahodha hulitambua boya kwa mpangilio wa mimweko yake, na mpangilio usio wake (ulilirudia hili mara nyingi) waweza kumpotosha kuliko taa iliyozimika. Baadaye uliniombea nafasi ya mafunzo, wala hukudai chochote. Leo nasimamia kikosi cha matengenezo, na daftari lako la vipimo bado ninalo.