Garimaladi afundishwe kugusa muguu

Bwana Muhariri,

Salamu toka huku Kadutu. Nilisoma mulivyoandika juu ya goti kupasuliwa kwa kamera, eti ni vitundu viwili tu, kesho yake mutu anarudi kwake na mikongojo. Vitundu ni vidogo kweli, sibishi, lakini hamukusema nyuma ya goti kunapita nini.

Kunapita mushipa mukubwa wa damu unaolisha muguu wote wa chini mpaka vidole. Sasa meniski, ile karitilaje (gegedu) ya umbo la mwezi muchanga ambayo inachanikaka kwa watu wa mupira, pembe yake ya nyuma, zaidi ile ya upande wa inje, iko karibu sana na huo mushipa, kifuko chembamba cha goti ndicho kimekaa katikati yao basi. Munganga anashona akiwa mbele, macho kwa televizyo, sindano inaelekea nyuma, ikizidi kidogo na kwenda katikati munajua inakutana na nini. Haitokeaki mara nyingi, siogopeshi watu.

Na wanganga wenye kujua kazi wako na mbinu zao: goti linakunjwa kama digrii 90 ili mushipa usogee nyuma kidogo, sindano inaingizwa kwa upande ambao ncha haitaelekea katikati, wengine wanapasua kidogo nyuma pembeni wanaweka chuma kama kijiko kinachopokea sindano. Kuko pia vifaa vya kushona ndani kwa ndani, vyenye kizuizi cha kupima milimita ngapi iingie. Uliza mbele ya kupasuliwa, munganga muzuri hakasirikaki.

Shida yangu miye iko kisha kutoka bloku, chumba cha kupasulia. Mutoto wa dada yangu alipasuliwa goti kwa hospitali moja, sitaitaja, na miye ndiye nilikuwa garimaladi: kuleta chakula, kukimbia kununua dawa, usiku kulala chini kwa mukeka. Saa ya kumufunika bulangeti mukono wangu ukagusa vidole vyake, baridi kama samaki ya frigo, na vya muguu wa pili viko moto. Infirmieri, muuguzi, akasema ni banda (bandeji) imekazwa. Mugonjwa mwenyewe anacheka na simu yake, hasikii kitu, juu walimuchoma sindano ya mugongo na muguu ulikuwa bado umelala! Yaani yule ambaye angelia, hana maumivu ya kumuliza. Hata mule ndani bloku ni vilevile, ule mukanda wa garo wanaokaza kwa paja unazuia damu, mushipa ukitobolewa inaweza kutoonekana mpaka garo ilegezwe.

Nikapiga kelele, wakalegeza banda, na kweli ilikuwa banda. Vidole vikapata moto. Nilipata haya kidogo, lakini nikauliza: nani alikuwa amepima mapigo ya muguu toka tutoke bloku? Kimya. Kama ingekuwa mushipa, muguu ukikosa damu kupita saa 6 hivi kuuokoa kunakuwa kugumu sana, wengine wanakatwa, na sisi tulikuwa tunangojea asubuhi.

Ndipo munganga wa gardi (wa zamu) akakuja, akatafuta mapigo kwa mugongo wa unyayo, upande wa juu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani, akachora X kwa biki pale yanapiga, akanishika kidole akakiweka pale: kila saa gusa hapa, linganisha na muguu wa pili, ukikosa niite. Akaongeza tukirudi nyumbani, hata zikipita siku, tukiona uvimbe unaodunda nyuma ya goti turudi mbio wafanye ekografi (ultrasaundi) ya mishipa.

Dakika mbili hazikuisha. Naomba wakubwa wa hospitali zetu waweke hiyo X mbele mugonjwa hajaingia bloku, kwa miguu yote miwili, na sisi wa mukeka tuonyeshwe. Mutoto wetu hakutaka kuoga hiyo X juma nzima.

Garimaladi mumoja,
Kadutu, Bukavu