Barua kwa Mwanangu Anayezifundisha Mashine Lugha

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku Pangani hatujambo, na habari ya kuajiriwa kwako Nairobi, kuwa mwanasayansi tumizi katika uchakataji wa lugha asilia, tumeipokea kwa shukrani kubwa. Bibi yako alitaka kujua hiyo ni kazi ya namna gani. Nilipomweleza kwamba unazifundisha mashine kusoma na kutafsiri lugha nyingi, aliuliza, "Na yeye anajifunza kwa nani?" Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Utakumbuka likizo iliyopita uliniletea sentensi zilizotafsiriwa na programu ili nizisahihishe. Mojawapo ilikuwa "Alijitahidi lakini hakufua dafu", na mashine iliitafsiri kwa Kiingereza kwamba mtu huyo hakuliosha dafu. Ulisema mashine haijui nahau. Mimi naona kosa lilianza kabla ya nahau. Kufua nguo ni kuziosha kwa sabuni, kufua chuma ni kukiponda kikiwa cha moto, na kufua nazi ni kuitoa makumbi kwa kuikita kwenye ncha ya kifuo, kama marehemu babu yako alivyokuwa akifanya uani huku wewe ukiokota makumbi. Mashine ilishakutana na nguo mara nyingi mno, lakini kifuo haikukijua.

Jambo la pili lilinikosesha usingizi zaidi, kwa kuwa nilifundisha uambishaji, yaani namna viambishi vinavyojenga maneno, kwa miaka 31. Ulinieleza kwamba mifumo mingi hukata maneno kwa kufuata vipande vinavyojirudia sana katika data, ambayo sehemu yake kubwa ni Kiingereza, wala haifuati mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana. Basi neno kama "hatutawaandikia", ambalo mwanafunzi wangu aliligawa ha-tu-ta-wa-andik-i-a, linaweza kukatwa mahali pasipo na maana yoyote, ilhali ile "ha" ndogo ya mwanzo ndiyo inayobeba ukanushi wote. Hebu fikiria kosa hilo likitokea katika maelezo ya dawa.

Kwa sababu hiyo nawaheshimu sana watafiti wa Masakhane, kundi linaloshughulikia teknolojia ya lugha za Afrika, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja. Mwaka 2021 walitoa MasakhaNER, data ya majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10 za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, nao walioweka alama katika matini hizo ni wazungumzaji wenyewe. Nawe utakapoonyeshwa wastani unaodai kwamba mfumo umefaulu, naomba uzisome zile sentensi zilizokosewa moja baada ya nyingine, pamoja na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, na umpiganie alipwe kama mtaalamu. Nimewahi kusahihisha matini za watu kwa miezi minne nikaambulia ahsante tu, najua inavyouma.

Bibi yako amekubali urekodi lahaja yake ya Kimtang'ata utakapokuja. Ila ana sharti: kwanza umweleze sauti yake itahifadhiwa wapi na nani ataisikiliza, na akikataa jambo lolote usimbembeleze. Njoo na kinasa sauti kizuri. Kifuo bado kipo uani, nacho atataka kukieleza mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mama